Stika ya Maegesho Haikutengei Nafasi: Ufafanuzi kwa Wanafunzi Wenye Magari na Pikipiki

Muhula mpya umeanza na malalamiko yameanza nao. Kwa majuma mawili sasa dawati letu la usalama na uchukuzi, katika bewa letu hapa Malindi, limepokea barua, simu na ujumbe wa WhatsApp kwa wingi, na karibu wote wanauliza jambo moja: "Nimelipia stika, mbona sina pa kuegesha?" Ni swali la haki. Nalijibu hapa wazi ili tusilirudie dirishani kila asubuhi huku foleni ikifika barazani.

Stika inakuruhusu kupita langoni na kuegesha palipo wazi katika eneo la rangi ya stika yako. Haikutengei nafasi. Huko Berkeley, California, chuo humtengea profesa nafasi yake mwenyewe ya gari akishinda Tuzo ya Nobel. Wengine wengi wanatafuta kama tunavyotafuta sisi. Kwa hiyo anayeweka jiwe, kiti cha plastiki au ndoo "kumshikia" rafiki yake nafasi ajue kwamba askari wetu wameagizwa kuviondoa.

Naam, tunatoa stika nyingi kuliko nafasi zilizopo. Hatujawahi kulificha hilo. Mwanafunzi wa asubuhi huondoka mchana, na wa madarasa ya jioni, anayetoka kazini Watamu au Gongoni, huingia saa 11. Tungetoa stika moja kwa kila nafasi, uwanja ungekaa nusu mtupu mchana kutwa huku mwenzako akirudishwa langoni. Tatizo liko kati ya saa 2 na saa 4 asubuhi, na hapo anayefika dakika 20 mapema hupata, anayefika kengele ikilia hakosi kuzunguka.

Wapo wanaotuambia, "Kiwanja kipo, kateni miti mpanue." Gari moja likisimama huchukua mita 2.5 kwa 5. Ukiongeza njia ya kupita na kugeuzia, kila gari linakula mita za mraba 25 hadi 30. Ekari moja ina takriban mita za mraba 4,047, maana yake ni magari 135 hadi 160 tu, ukishaimaliza ekari nzima. Na kivuli kitatoka wapi wakati wa kaskazi, Januari na Februari, ambapo gari lililoachwa juani halishikiki usukani? Hiyo miarobaini ndiyo kila mtu anagombea kuegesha chini yake. Ningeomba msiisogelee hadi kwenye shina, kwa sababu magurudumu hushindilia udongo, mizizi hukosa maji na hewa, na mti hukauka polepole bila mtu kujua sababu. Chini ya minazi, tafadhali, msiegeshe kabisa.

Pikipiki zina eneo lake kando ya karakana. Nafasi moja ya gari hutosha pikipiki 4 au 5, kwa hiyo mwenye pikipiki akijiegesha katikati ya nafasi ya gari amewanyima wenzake watatu au wanne. Eneo lenyewe lina mchanga na stendi huzama. Beba kipande cha ubao au jiwe bapa uweke chini yake. Bodaboda na tuktuk hushusha abiria nje ya lango, hawaingii.

Sasa nije kwenye neno ninalolisikia kila siku: "Nilisimama dakika mbili tu." Njia yetu ya kwenda zahanati ina upana wa mita 6. Magari yakisimama pande zote mbili, kila moja likiwa na upana wa mita 1.8, inabaki mita 2.4. Kanuni za ujenzi za Uingereza hutaka njia ya gari la zimamoto isipungue mita 3.7. Nimeshuhudia machela ikibebwa mikononi kutoka mabwenini kwa sababu ambulensi ilizuiwa na gari dogo ambalo mwenyewe alikuwa akinunua mahamri. Mgonjwa yule alipona, alhamdulillahi. Lakini tangu siku ile sina subira na hizo dakika mbili, na sitaomba radhi kwa hilo. Nafasi za watu wenye ulemavu ni vivyo hivyo. Zimefanywa pana ili kiti cha magurudumu kiweze kushushwa ubavuni mwa gari. Kutokuwepo mtu hapo asubuhi hakumaanishi kwamba hazina mwenyewe.

Kuhusu kufungwa gurudumu kwa pingu ya chuma ili gari lisiondoke, kwa kuwa uvumi umezidi, utaratibu ni huu. Askari hupiga picha tatu: namba ya usajili, alama ya eneo, na jinsi gari lilivyosimama. Kisha hupiga simu kwa namba uliyoiandikisha wakati wa kuchukua stika na kusubiri dakika 15. Ukifika ndani ya muda huo unaonywa na jina linaandikwa daftarini. Usipofika, au namba uliyotupa haipatikani, gurudumu hufungwa na notisi hubandikwa kwenye kioo. Notisi ina namba yake ya kumbukumbu, na malipo hufanywa kwa namba hiyo kupitia akaunti ya chuo. Askari hapokei pesa taslimu, hata shilingi 50 ya chai. Anayeziomba aripotiwe kwetu, na anayezitoa naye ana kosa. Ukionyesha risiti, gurudumu hufunguliwa. Notisi isiyolipwa huingizwa kwenye taarifa yako ya karo, na hapo wengi hushtuka wakati wa kuhitimu, wanapokuja kutafuta sahihi yetu na kukuta notisi nne za miaka mitatu nyuma. Gari lililoziba njia ya dharura halisubiriwi dakika 15. Huvutwa mara moja.

Nje ya lango si kwetu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa serikali za kaunti jukumu la maegesho, na polisi wa trafiki wana sheria zao. Chini ya kanuni za makosa madogo ya trafiki za mwaka 2016, kuziba barabara kwa gari kuna faini ya shilingi 10,000, na kupitisha gari kwenye njia ya waendao kwa miguu ni shilingi 5,000. Ukikamatwa ukiwa umeegesha pembeni mwa barabara kuu, stika yetu haikusaidii chochote, wala barua yetu.

Stika si bima pia. Mzazi mmoja alikuja na hasira, kioo cha gari la mwanawe kimevunjwa, akitaka chuo kimlipe siku hiyo hiyo. Kila tukio huchunguzwa kivyake na siwezi kutoa ahadi hapa. Ninachoweza kusema ni kwamba bima ya mtu wa tatu, ambayo wengi wenu mnayo kwa sababu sheria inailazimisha, hulipia madhara uliyomfanyia mwenzako. Gari lako likiibwa au likigongwa na asiyejulikana, bima hiyo hailigusi. Someni karatasi zenu kabla ya kuja dirishani.

Asiyeridhika na notisi ana siku 7 za kazi za kukata rufaa. Mwakilishi wa wanafunzi hukaa katika kamati inayosikiliza rufaa, na picha zote tatu huonyeshwa. Njoo mwenyewe na notisi yako halisi. Usimtume mdogo wako wala usitume picha ya simu. Dirisha hufunguliwa saa 2 asubuhi hadi saa 10 jioni, Jumatatu hadi Ijumaa, na siku ya Ijumaa hufungwa saa 6 hadi saa 8 mchana kwa ajili ya swala.