Kasuku aliyekatwa mbawa bado hutoroka

Huku Kisumu, kuku mwenye mazoea ya kuruka ua hupunguzwa manyoya ya bawa moja kwa mkasi, naye akijaribu tena hupinda upande na kurudi chini. Wafugaji wengi wa kasuku wameichukua desturi hiyo kama ilivyo, pamoja na imani kwamba kasuku aliyekatwa mbawa hawezi kwenda mbali. Imani hiyo si ya kweli, nayo huwapotezea watu ndege wao, kwa kuwa mtu huacha dirisha wazi au humtoa kasuku uani akiwa begani bila hofu yoyote. Kasuku ana misuli ya kidari yenye nguvu. Manyoya yaliyosalia, yakisaidiwa na upepo unaovuma kutoka ziwani alasiri, yanaweza kumfikisha kwenye mwembe wa jirani, ambako hajui ashukeje wala hawezi kumkwepa mwewe. Isitoshe, manyoya yaliyokatwa hudondoka na mapya huota moja baada ya jingine, hivyo mwenye ndege aghalabu hugundua kwamba mbawa zimerudi siku ile ile anapompoteza.

Dhana ya kwamba bawa moja linatosha ndiyo inayonihuzunisha zaidi. Kuku huruka akitokea chini, lakini kasuku huanzia begani, juu ya tundu au juu ya kabati, na akikosa mizani huanguka kwa kishindo kwenye sakafu ya saruji, akapasuka ngozi ya kidari au hata kuvunjika mfupa.

Husemwa pia kwamba kukata unyoya ni kama kukata kucha. Ndivyo ilivyo kwa unyoya uliokomaa. Ule unaochipua una damu ndani ya shina lake, na ukikatwa huweza kuvuja hadi ndege akahitaji daktari wa mifugo haraka. Kasuku mchanga asikatwe kabisa kabla hajajifunza kuruka na kutua.

Kinachomzuia kasuku kutoroka ni wavu madirishani, mlango unaofungwa kabla tundu halijafunguliwa, na mazoezi ya kila siku ndani ya nyumba ya kuitwa jina na kuja mkononi kupokea kipande cha papai. Akitolewa nje, hata aliyekatwa mbawa, na awe ndani ya tundu dogo la kubebea.