"Kocha Aondoke!": Tunayoyaamini Vijiweni na Yaliyotokea Kweli Uwanjani

Timu yako ikifungwa Uwanja wa Mkapa, safari ya kutoka getini hadi Barabara ya Kilwa inakuwa ndefu kuliko zote Dar es Salaam. Kabla hujafika Uhasibu umeshaisikia hukumu mara ishirini: kwa muuza maji, kwa kijana aliyevua jezi akaifunga kiunoni, kwa mzee mwenye redio ndogo sikioni. Kocha hana mbinu. Aondoke.

Na mimi nimewahi kuipaza sauti hiyo hadi koo likanikauka. Timu yangu siitaji, maana nikiitaja nusu yenu mtaacha kusoma, na nusu nyingine mtaanza kunitetea kabla sijasema kitu. Wala siandiki kumsafisha kocha yeyote. Wabovu wapo, na wengine hata hatukuwajua majina vizuri wakawa wameshapanda ndege. Ila kuna mambo tunayarudia vijiweni kila timu inaposuasua, na ukiyaweka mbele ya matokeo yetu wenyewe yanapwaya.

Dhana: Kocha akibadilishwa, timu inaamka

Hii ndiyo kubwa, na ina nguvu kwa sababu mara nyingi inaonekana kwa macho. Kocha anatimuliwa Jumatatu, Jumamosi timu inashinda mbili bila, watu wanagongeana mikono: si tulisema?

Nenda Feri ukawaulize wavuvi. Maji yakikupwa hadi mwisho, kinachofuata ni kujaa. Hakuna kocha anayefukuzwa timu ikiwa inatiririsha ushindi; hufukuzwa maji yakiwa yamekupwa kabisa, mchanga unaonekana, ngalawa zimelala ubavu. Anayekuja anayakuta maji yanarudi yenyewe, sisi tunamsifu kwamba kayaleta yeye. Mtafiti mmoja wa Uholanzi, Bas ter Weel, aliifuatilia ligi kuu ya kwao kuanzia 1986 hadi 2004 na kufanya jambo ambalo vijiweni hatulifanyi: alizilinganisha timu zilizomfukuza kocha na timu zilizopitia kipindi kibaya kama hicho zikabaki na kocha wao. Zilizofukuza ziliinuka kweli. Na zisizofukuza nazo ziliinuka vilevile.

Kama Uholanzi ni mbali, turudi Kariakoo. Novemba 5, 2023 Yanga waliwafunga Simba 5-1. Siku chache baadaye Simba wakaachana na Robertinho, Mbrazili ambaye wiki mbili tu kabla yake alikuwa ametoka sare mara mbili na Al Ahly, 2-2 hapa Dar na 1-1 Cairo, akatolewa kwa kanuni ya bao la ugenini: jumla ikiwa sare, anapita aliyefunga mengi ugenini. Akaja Abdelhak Benchikha kutoka Algeria, kocha mwenye jina kubwa Afrika. Aprili 2024 Yanga wakashinda tena dabi, 2-1. Mwezi huohuo Benchikha akaondoka, na Simba wakamaliza ligi nafasi ya tatu, nyuma ya Yanga na Azam. Makocha wawili na mlezi wa muda ndani ya msimu mmoja, na maji hayakujaa.

Najua kuna mtu ameshakunja ngumi ananisubiri na msimu wa 2024/25. Sawa, tuseme. Yanga walianza na Miguel Gamondi, wakashinda mechi nane za mwanzo za ligi bila nyavu zao kutikiswa hata mara moja. Wakafungwa na Azam 1-0, kisha Tabora United 3-1, na Novemba 2024 Gamondi akaonyeshwa mlango. Akaja Sead Ramovic, naye akaondoka mwenyewe Februari 2025 kwenda CR Belouizdad ya Algeria. Akaja Miloud Hamdi, akabeba ubingwa. Kwa hiyo kubadilisha kunalipa? Mimi naisoma kinyume. Kikosi kinachoweza kubeba ubingwa chini ya makocha watatu ndani ya msimu mmoja kinakwambia habari za kikosi kuliko za kocha. Na ile presha ya mechi mbili ilikuwa ya nini hasa?

Dhana: Kocha aliyefungwa vibaya hana pa kwenda

Januari 2019 Simba wa Patrick Aussems walikwenda Kinshasa wakala tano kwa AS Vita. Februari wakaenda Misri, wakala tano nyingine kwa Al Ahly. Machi wakafungwa 2-0 na JS Saoura kule Algeria. Mechi tatu za makundi ugenini, mabao 12 yameingia, hawajafunga hata moja. Nakumbuka utani wa wiki zile. Kuna watu walihama vijiwe. Lakini nyumbani walimpiga Saoura tatu, wakamfunga Al Ahly 1-0, na mechi ya mwisho Clatous Chama akawamaliza Vita dakika za lala salama, 2-1. Robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, kwa kocha yuleyule wa tano-tano.

Na wa Jangwani, yaani Yanga, wasicheke sana, maana wana chao. Nasreddine Nabi alifika Aprili 2021. Septemba mwaka huo Yanga wakatolewa mapema Ligi ya Mabingwa na Rivers United ya Nigeria, 1-0 nyumbani na 1-0 ugenini. Hata bao la kufutia machozi halikupatikana. Mnakumbuka maneno ya siku zile? Nabi alibaki. Yanga wakamaliza ligi ya 2021/22 bila kupoteza mchezo hata mmoja, wakaendelea hadi mechi 49 za ligi bila kufungwa, mpaka Ihefu walipowakatisha kule Mbarali Novemba 2022. Juni 2023 walikuwa Algiers kwenye fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, wakashinda 1-0 na kulikosa kombe kwa mabao ya ugenini tu, baada ya kufungwa 2-1 hapa Dar.

Pembeni ya Nabi kwenye benchi alikaa Cedric Kaze, Mrundi ambaye Yanga haohao walimfukuza ukocha mkuu Machi 2021. Alirudi kama msaidizi. Aliyekuwa hajui mpira mwezi wa tatu, mwezi wa tisa akawa anajua.

Hapohapo Jangwani ndipo ilipotokea iliyonishinda kuielewa mpaka leo. Zlatko Krmpotić, Mserbia, aliachishwa kazi Oktoba 2020 akiwa hajamaliza hata siku 40, na mechi za ligi hajapoteza hata moja. Sababu iliyozunguka mitaani ni kwamba timu haichezi vizuri. Mwenye maelezo ya ziada anywe kahawa kwangu.

Dhana: Kikosi kibovu ni kazi ya kocha

Hapa ndipo hasira yetu inapopotea njia kabisa.

Fikiria fundi cherehani umemwita Desemba, umempa kitambaa alichonunua mtu mwingine Julai, kimeshakatwa kwa vipimo vya mtu wa tatu, halafu unamtaka suti ya harusi Jumamosi. Kocha anayeingia katikati ya msimu yuko hivyo. Usajili una madirisha mawili tu, dirisha kubwa na dirisha dogo, na anayeteuliwa madirisha yamefungwa analala na kuamka na wachezaji wa mwenzake. Mtangulizi alitaka mawinga wa mbio, huyu anataka viungo wa pasi fupi. Tukimuona kocha anamchezesha kiungo namba tatu, yaani beki wa kushoto, tunasema mwendawazimu. Huenda kuna beki wa kushoto mmoja tu kwenye orodha nzima, na huyo ana nyama za paja.

Hata anayeanza msimu na timu hanunui mwenyewe. Anapeleka mapendekezo, kisha kuna kamati, kuna kiongozi mwenye wakala anayemjua, kuna mfadhili aliyeona video ya dakika tatu. Mshambuliaji anapokuja hajui hata goli liko wapi, jina linalozomewa ni la yule anayesimama kwenye mstari, kwa sababu wengine wote wamekaa jukwaa kuu na suti zao na hakuna mstari wa kusimama.

Kuna na suala la siku. Timu inacheza kimataifa Jumapili, Jumatano ina kiporo, mechi ya ligi iliyoahirishwa, Bukoba au Mbeya. Kati ya hapo kuna ndege, basi, usingizi, mazoezi mepesi ya kulegeza miguu. Ile "mbinu" tunayoidai inafundishwa lini? Tunamuona kocha dakika 90 na kudhani tumeiona kazi yake yote.

Dhana: "Angemtoa mapema!"

Tunapiga kelele dakika ya 55, kocha kakunja mikono, tunasema kalala. Mara nyingine kalala kweli. Lakini kanuni zina mtego ambao jukwaani hatuuhesabu: wachezaji watano wanaweza kubadilishwa, ila nafasi za kusimamisha mchezo ili kuwabadilisha ni tatu tu, ukiacha ya mapumziko. Akitumia moja dakika ya 50, nyingine dakika ya 60, anabaki na moja kwa nusu saa nzima. Beki akichanika msuli dakika ya 70 na ya tatu ikaondoka naye, basi hata kama ana wachezaji wawili wanaoruhusiwa bado, wanabaki kupasha misuli kwa kupenda tu. Ndiyo maana utaona anaingiza wawili kwa mpigo. Anabana matumizi.

Dhana: Mzawa hawezi timu kubwa

Septemba 2022 Simba walipoachana na Zoran Maki, timu aliachiwa Juma Mgunda. Wakamtoa Nyasa Big Bullets ya Malawi, 2-0 nyumbani na 2-0 ugenini, wakaenda Luanda wakamfunga Primeiro de Agosto 3-1, wakamalizia 1-0 hapa Dar, wakaingia makundi ya Ligi ya Mabingwa. Januari akaletwa Robertinho. Aprili 2024 Benchikha alipoondoka, simu ikampigia nani? Mgunda.

Kwa hiyo uwezo si tatizo. Tatizo ni kwamba mzawa tunampa timu nyumba ikiungua, moto ukizima tunamuomba ndoo. Mgeni akitoa sare ugenini ni sare ya kimbinu. Mzawa akitoa sare hiyohiyo ni woga. Na sisemi kwamba mzawa ni bora kwa kuwa ni wetu, hiyo nayo ni dhana nyingine ya kuandikiwa siku yake.

Dhana: Kumfukuza ni kusaini barua tu

Ni kusaini na kulipa. Kocha akivunjiwa mkataba bila sababu ya haki anaweza kwenda FIFA kudai, kwa kawaida mshahara wa muda uliobaki. Klabu ikikaidi kulipa inaweza kufungiwa kusajili hadi madirisha matatu mfululizo. Yule namba tisa, mshambuliaji, unayemlilia asajiliwe anaweza kuwa ameliwa na kocha uliyemshangilia alipoondoka.

Na wapo wasiosubiri tuwafukuze. Sven Vandenbroeck aliipeleka Simba makundi kwa kuwapiga Platinum ya Zimbabwe 4-0 Januari 2021, na siku iliyofuata tukasikia kaaga. Fadlu Davids aliifikisha Simba fainali ya Kombe la Shirikisho Mei 2025, Septemba akaenda zake Raja Casablanca. Huko nje wanatuangalia pia jinsi tunavyoishi na makocha.

Sasa hasira ipelekwe wapi, maana kufungwa kunauma na tiketi tumenunua? Simba na Yanga, hata kwa mfumo wa uwekezaji, asilimia 51 zimeachwa kwa wanachama. Kadi ile unayotembea nayo kwenye pochi inakupa haki ya kuuliza kwenye mkutano: huyu alisajiliwa kwa pendekezo la nani, kwa ripoti ipi, na kocha aliyekuwepo alimtaka au aliletewa?

Nimewahi kujaribu. Kikao cha tawi, jioni, viti vya plastiki, timu imetoka kupoteza mechi ya pili mfululizo. Mwenyekiti akaruhusu maswali, nikasimama. Nikauliza yule beki wa kushoto aliyekuja dirisha dogo alipendekezwa na nani. Kimya. Mtu mmoja akakohoa. Mwenyekiti akafungua daftari, akalifunga. Kisha mzee mmoja wa nyuma, ambaye ninamheshimu sana na bado tunasalimiana, akainuka taratibu akashika kiti cha mbele yake, akasema, "Mwanangu, swali lako zuri. Lakini kocha aondoke."

Ukumbi mzima ukapiga makofi. Nilipokaa, nikagundua na mimi nimepiga.