Baiskeli ya mlimani ya zamani na vipuri vya rika lake

Nikiletewa baiskeli ya mlimani ya miaka ya 1980, kitu cha kwanza kutafuta ni mwaka. Rangi na uzito vitasubiri. Mwaka ndio unaoamua kipuri kipi ni cha baiskeli hiyo na kipi kimeingia baadaye.

Kwa vipuri vya Shimano, kampuni ya Kijapani ya vipuri vya baiskeli, jibu limegongwa kwenye chuma chenyewe. Geuza mkono wa krenki, ule unaoshika pedali, futa grisi iliyokauka upande wa ndani kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, kisha mulika tochi kwa ubavu. Zitajitokeza herufi mbili ndogo. Ya kwanza ni mwaka: A ni 1976, B ni 1977, na kuendelea hivyo. Ya pili ni mwezi, A Januari mpaka L Desemba. Kwa hiyo LC ni Machi 1987. Krenki ikiwa na L na kibadilisha gia cha nyuma kikawa na T, basi kibadilisha gia hicho ni cha 1995. Tofauti ya miezi michache isikutie shaka, kwani vipuri hutengenezwa kabla ya baiskeli kufungwa.

Watu wengi huharibu kazi kwenye breki. Breki za V za Shimano zilikuja 1996, na kwa kuwa zinauma vizuri, wengi huzifunga kwenye fremu ya zamani na kuacha mikono ileile ya breki. Haziendani. Breki ya V inahitaji waya uvutwe urefu mkubwa zaidi kuliko zile kantileva za awali, yaani breki za rimu zinazovutwa na waya wa kati. Mkono wa zamani unavuta kidogo, kwa hiyo unaweza kufika kwenye usukani kabla pedi hazijabana rimu. Kantileva iliyopangwa vizuri, pedi zikigusa rimu sawasawa na waya wa kati ukiwa chini ipasavyo, inasimamisha baiskeli vizuri. Mimi sikubali kuiondoa.

Kabla ya kununua magurudumu, pima nafasi kati ya ncha za nyuma za fremu, pale ekseli ya gurudumu inapokaa: nyingi za zamani zina milimita 130, na baadaye 135 ikawa kawaida. Fremu ya chuma fundi anaweza kuitanua. Ya aluminiamu usiijaribu kabisa.

Tairi, waya, kava za waya na pedi za breki nafunga mpya bila kusita. Mpira uliokaa miaka thelathini umekakamaa, na usalama wa mpanda unatangulia uasili wa vipuri. Tairi za inchi 26 za rimu ya milimita 559 bado zinatengenezwa, tena zipo zenye kuta za kahawia kama za enzi hizo.

Rangi ya kiwandani siipulizii nyingine juu. Palipochubuka naondoa kutu, napaka nta, naacha alama zake.