Maabara ya Seva ya Nyumbani: Kazi Mpya ya Laptopu Kuukuu

Neno "seva" huwatisha watu bure. Likitajwa tu, wengi huona chumba chenye baridi kali, makabati ya chuma na taa ndogo zinazomwekamweka usiku kucha. Vyumba hivyo vipo, lakini seva yenyewe ni kitu chepesi kuliko hapo: ni kompyuta yoyote inayokaa ikisubiri maombi ya kompyuta nyingine na kuyajibu. Simu inaomba picha, seva inaitoa. Kivinjari kinaomba ukurasa, seva inautuma. Kwa hiyo seva ni jina la kazi, kama mlinzi au mpishi, na jina la kazi halisemi lolote kuhusu umbo wala umri wa anayeifanya. Laptopu iliyolala kabatini tangu uliponunua nyingine, yenye herufi mbili zilizofutika kwenye kibodi, inaweza kuajiriwa leo.

Neno la pili ni "maabara", nalo ndilo husahaulika. Maabara ni mahali pa kujaribia: unachanganya, unaunguza, unafuta meza, unaanza upya. Ukiyaweka maneno hayo pamoja unapata hivi: maabara ya seva ya nyumbani ni kompyuta unayoiendesha mwenyewe, saa zote, ili ujifunze jinsi huduma za mtandao zinavyofanya kazi, na ambayo ikiharibika hakuna anayepoteza kitu. Sharti hilo la mwisho nalishikilia sana. Siku picha za watoto zitakapokuwa humo na hazipo pengine popote, umeshatoka kwenye maabara bila kujua, na hutathubutu tena kugusa chochote.

Laptopu inafaa kazi hii kwa sababu imebeba vitu ambavyo kwenye seva kubwa hununuliwa kando. Ina betri, kwa hiyo umeme ukikatika kwa dakika kumi haizimiki ghafla na kuvuruga faili zilizokuwa zikiandikwa. Ina skrini na kibodi, kwa hiyo siku mtandao ukigoma unainua kifuniko na kuandika amri papo hapo. Tena haili umeme mwingi. Nyingi zikiwa zimetulia hula wati 10 hadi 20. Chukua 15: kwa saa 24 ni wati-saa 360, na kwa siku 30 ni kilowati-saa 10.8. Kompyuta ya mezani inayokula wati 60 ingefikisha 43.2 kwa muda huohuo.

Kuhusu uwezo wake, usihangaike mno. Prosesa iwe ya biti 64. RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi, ya GB 4 inatosha kuanzia, na GB 8 inakupa nafasi ya kujinyoosha. Kama bado ina diski ya kuzunguka na una pesa ya kubadilisha kitu kimoja tu, weka SSD, diski ya kasi isiyo na kitu kinachozunguka. Halafu iunganishe na ruta kwa kebo, maana Wi-Fi ikiyumba utatumia jioni nzima kutafuta kosa mahali lisipokuwepo.

Mfumo endeshi unaozoeleka ni Linux. Mimi huweka Debian, mojawapo ya matoleo ya Linux, bila madirisha wala aikoni. Ukimaliza kuiweka, skrini inabaki nyeusi, na juu yake pameandikwa jina la mashine na mahali pa kuingilia, basi. Anayeona hivyo mara ya kwanza hudhani ameharibu. Hajaharibu: seva haihitaji kupendeza macho, kwa kuwa utaingia humo ukiwa kwenye kompyuta nyingine, kwa njia ya SSH. Njia hiyo ilibuniwa mwaka 1995 na Tatu Ylönen wa Ufini, baada ya mtandao wa chuo kikuu alichokuwapo kuvamiwa na mtu aliyekuwa akinasa nywila zinazopita wazi. SSH hufunga kila unachoandika kwa msimbo kabla hakijaondoka kwenye kompyuta yako, na mpaka leo ndiyo mlango ambao wasimamizi wa seva huingilia. Ukijifunza jambo moja tu kutoka kwenye laptopu hii, liwe hilo.

Sasa kuna kifuniko. Kila mtu hukwama hapa, kwa hiyo nitakaa kidogo. Umeweka kila kitu, SSH inakubali, umefurahi. Unafunga kifuniko, unaisogeza laptopu kwenye rafu karibu na ruta, unarudi kukaa, na seva haijibu tena. Hakuna kilichoharibika. Laptopu imefundishwa kwamba kifuniko kikifungwa mwenyewe ameondoka, nayo ikalala. Fungua faili liitwalo /etc/systemd/logind.conf, tafuta mstari wa HandleLidSwitch, toa alama ya # iliyo mbele yake, na uuache usomeke HandleLidSwitch=ignore. Washa mashine upya. Funga kifuniko tena na ujaribu kuingia. Safari hii itaitika.

Betri ileile niliyoisifu inataka jicho lako. Betri ya lithiamu inayokaa imejaa siku zote, tena kwenye joto, huchakaa haraka na inaweza kuvimba. Dalili yake huonekana kabla ya hatari: sehemu ya kugusa chini ya kibodi inakuwa ngumu kubonyeza, kisha inainuka upande mmoja, na kifuniko hakikai sawa tena. Ukiona hivyo zima mashine, usiikandamize wala kuitoboa, na betri hiyo ipelekwe wanakopokea taka za kielektroniki. Baadhi ya laptopu huruhusu kuzuia chaji isivuke asilimia 80. Kama yako inaruhusu, fanya hivyo siku ya kwanza, na safisha vumbi la feni mara moja kwa miezi kadhaa.

Ndani ya laptopu moja unaweza kuendesha huduma nyingi, na hapo utakutana na maneno mawili yanayochanganywa kila siku. Kompyuta pepe ni kompyuta kamili iliyoundwa kwa programu ndani ya kompyuta halisi: ina mfumo endeshi wake na hukatiwa fungu lake la RAM. Kontena, yaani kifurushi cha programu pamoja na vitu inavyohitaji, ni chepesi zaidi. Makontena yote hutumia kiini kimoja cha Linux, ile sehemu ya ndani inayosimamia mashine yote, kama vyumba vya wapangaji wanaopikia jiko moja, ila kila mmoja ana mlango wake. Programu ya Docker, iliyotoka mwaka 2013, ndiyo iliyoyafanya makontena yapatikane kwa kila mtu. Ukiwa na GB 4 anza na makontena. Ukiwa na GB 8 au zaidi, jaribu pia kompyuta pepe, kwa sababu moja kubwa: unaweza kuihifadhi ilivyo sasa, ukaivuruga makusudi, kisha ukairudisha ilivyokuwa. Hakuna njia ya kujifunza ninayoipenda kuliko hiyo.

Usalama wake ni rahisi kueleza. Ruta huipa laptopu anwani ya ndani, mara nyingi inayoanza na 192.168, na anwani za namna hiyo hazipitishwi kwenye intaneti ya dunia. Kwa kawaida mgeni wa nje hawezi kuifikia mpaka wewe umfungulie njia kwenye ruta. Basi usifungue ovyo. Ukitaka kuifikia ukiwa mbali, weka WireGuard, njia ya faragha iliyofungwa kwa msimbo (VPN), na kwenye ruta uifungulie hiyo peke yake; tangu mwaka 2020 imo ndani ya kiini cha Linux.

Huduma ya kwanza ninayompa anayeanza ni Pi-hole, kwa kuwa inafundisha kwa vitendo DNS, yaani mfumo unaogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za namba. Kila simu ikitaka kufungua tovuti huuliza kwanza anwani ya jina hilo. Pi-hole hupokea swali, na jina likiwa la matangazo haitoi anwani halisi, kwa hiyo tangazo halifunguki. Niliiweka, nikaielekeza ruta itumie laptopu kwa vifaa vyote, nikaridhika. Siku moja niliizima ili nisafishe feni. Sijamaliza hata kufungua skrubu, nikaitwa kutoka chumba cha pili kwamba intaneti imekatika. Haikuwa imekatika. Taa za ruta zilikuwa zikiwaka vizuri; ila kila kifaa kilikuwa kikiuliza majina kwa mashine iliyokuwa imefunguliwa mgongo mezani kwangu.

Siku ile nilielewa DNS, na nikaona pia kwamba maabara yangu ilishageuka seva ya watu wengine bila wao kuulizwa. Tangu hapo kila huduma mpya huanzia kwenye simu yangu peke yake. Naandika anwani ya laptopu kwa mkono kwenye mipangilio ya simu, ruta naiacha ilivyo, na nikitaka kuizima mashine saa nne usiku naizima.