Kwa nini bahati nasibu ndiyo iliyoziokoa shule za mkataba jimboni Washington?

Ijumaa alasiri, tarehe 4 Septemba 2015, Mahakama ya Juu ya jimbo la Washington, Marekani, ilitangaza kwamba sheria ya shule za mkataba ni batili. Shule 9 zilikuwa zimekwisha kufunguliwa, zina wanafunzi wapatao 1,200, na nyingi zilikuwa na wiki chache tu tangu zianze.

Shule ya mkataba haitozi ada. Hela inatoka serikalini, ila anayeiendesha ni taasisi binafsi isiyotafuta faida, yenye bodi yake na walimu wake. Wananchi waliipitisha sheria hiyo kwa kura mwaka 2012, tena kwa kuponea chupuchupu: asilimia 50.7.

Sasa kosa liko wapi? Wengi hudhani majaji walizikuta shule hizo mbovu. Wala! Ubishi ulikuwa juu ya maneno haya: "shule za wote". Katiba ya jimbo, ya mwaka 1889, ina fungu la fedha lisiloguswa na yeyote isipokuwa shule za wote. Na mwaka 1909 mahakama hiyohiyo, katika kesi ya zile ambazo sisi tungeziita shule za mazoezi, zilizo chini ya vyuo vya ualimu, ilikwisha kusema shule ya wote ni ipi: inapokea kila mtoto, ni bure, na iko mikononi mwa wapiga kura wa wilaya yake.

Hapo kwenye sharti la tatu ndipo zilipokwama. Katika shule ya kawaida kule, mzazi aliyechoshwa na mjumbe wa bodi humsubiri kwenye sanduku la kura. Bodi ya shule ya mkataba haipigiwi kura na mtu yeyote mtaani.

Majaji 6 waliifuta sheria, 3 wakapinga. Lakini hata hao 3 walikubali kwamba hizo si shule za wote. Walichosema ni kwamba zingeweza kulipiwa kutoka mfuko mkuu wa jimbo. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo kesi yenyewe: hela itoke mfuko gani.

Wabunge wakaelewa somo. Mwaka 2016 walipitisha sheria mpya, safari hii hela ikichotwa kwenye mapato ya bahati nasibu ya jimbo, nje ya lile fungu la shule za wote. Gavana Jay Inslee hakuisaini wala hakuizuia. Ikawa sheria hivyohivyo. Ilipopelekwa mahakamani, Oktoba 2018, majaji waliiacha isimame, wakaondoa kifungu kilichowabana wafanyakazi wa shule hizo katika kujiunga na vyama vya wafanyakazi. Bodi zenyewe bado hazipigiwi kura.