Je, wajua kwa nini dreva anayeongoza mbio za kilomita 1000 anaachia mafuta, yaani anatoa mguu kwenye pedali ya mafuta, akiwa kwenye spidi kali kabisa?

Kwa miaka mingi nilikuwa naangalia mbio za Bathurst 1000 na jibu langu ninalo tayari. Nikiona gari inayoongoza inaachia mafuta mapema, kona bado iko mbali na hakuna mtu mbele yake, nasema basi injini imeanza kusumbua, au breki zinaisha na dreva anazibembeleza zifike mwisho. Jibu hilo si sahihi, na nikiongea na watu wanaopenda magari naona wengi wanalo hilo hilo, kwa hiyo ngoja tulichambue vizuri.

Kwa asiyezijua kifupi tu: hizi ni mbio za gari zenye umbo la gari za kawaida za barabarani lakini zimejengwa kwa ajili ya mashindano, zinafanyika mji wa Bathurst, jimbo la New South Wales, Australia, kwenye mlima unaoitwa Mount Panorama. Raundi moja ni kilomita 6.213 na wanazunguka mara 161, madreva wawili wanapokezana gari moja, na siku ikienda vizuri inachukua kama masaa 6. Zilianza 1960 kisiwa cha Phillip zikiwa za maili 500, zikahamia Bathurst 1963, na 1973 ndio zikawa kilomita 1000. Barabara yenyewe ni ya umma, siku za kawaida watu wanapita nayo kwenda nyumbani kwao, na kutoka sehemu ya chini kabisa mpaka ya juu kabisa kuna kimo cha mita 174. Huo mlima tutaurudia.

Sasa hilo kosa. Linatokana na jina wanalopewa mbio ndefu kama hizi, mbio za kuvumilia. Ukisikia mbio za kuvumilia unaelewa kwamba kinachopimwa ni uvumilivu wa gari, na ukishaamini hivyo kila kitu dreva anachofanya kwa upole unakitafsiri kuwa ni kulinda gari isife. Na tuseme ukweli, zamani ilikuwa hivyo kwa kiasi kikubwa. Gari za miaka ya 1960 zilikuwa karibu sana na zile zinazouzwa dukani, breki zinachemka, tairi zinaisha, gari nzito inateseka kushuka ule mlima huku nyepesi inaendelea tu. Mwaka 1966 Mini Cooper S, vigari vidogo kabisa, zilichukua nafasi 9 za kwanza zote mbele ya gari zenye injini kubwa mara kadhaa. Ukiona matokeo kama yale unaelewa kabisa kwa nini watu waliamini kwamba mwenye kubembeleza ndiye mshindi.

Lakini hata enzi zile picha haikuwa moja. 1979 Peter Brock na Jim Richards walishinda kwa raundi 6 nzima, yaani wa pili alikuwa nyuma zaidi ya kilomita 37, halafu Brock kwenye raundi ya mwisho kabisa, wakati hana sababu yoyote ya kukimbia, akaweka raundi yenye kasi kuliko zote za siku ile! Mtu anayelinda gari hafanyi vile. Na gari za sasa zimejengwa zikanyagwe mwanzo mpaka mwisho, injini inajulikana itamaliza, breki nazo zimepigiwa hesabu mapema. Gari bado zinaharibika, sikatai, ila zikiharibika haiwi kwa sababu dreva alikanyaga sana mwisho wa barabara iliyonyooka.

Kwa hiyo anaachia mafuta kwa nini? Anabana mafuta yenyewe. Na kinachonifurahisha sana hapa ni jinsi kubana kule kunavyokuwa karibu bure ukijua sehemu ya kufanyia.

Chukua Conrod Straight, ile barabara ndefu ya mteremko, karibu kilomita 2, gari inafika mwisho wake ikikaribia kilomita 300 kwa saa. Fikiria umeingia kwenye maji ya magotini. Ukitembea polepole maji huyasikii, ukiongeza hatua yanaanza kukusukuma, ukitaka kukimbia unahangaika sana na husogei kwa kiasi cha nguvu ulizotoa. Hewa kwa gari ni hivyo hivyo, spidi ikiwa mara mbili msukumo wa hewa unakuwa mara nne. Kwa hiyo mwanzoni mwa Conrod mafuta yanayochomwa yananunua spidi, kila sekunde gari inaongezeka mwendo unauona kabisa, lakini kule mwisho karibu nguvu zote za injini zinaishia kusukuma hewa, mafuta yanaingia yote na mshale wa spidi haupandi tena.

Halafu baada ya hapo inakuja kona inayoitwa The Chase, dreva anakanyaga breki kwa nguvu zote, na ile spidi yote aliyoilipia inageuka joto kwenye diski za breki na kupotelea hewani. Ni kama mtu anayechota maji kwa kasi kujaza pipa huku anajua akimaliza tu analipindua. Ndoo za mwisho zile alizichota za nini?

Dreva anayebana mafuta ndio ndoo hizo anaziacha. Mita 100 hivi kabla ya sehemu yake ya kawaida ya breki anatoa mguu, injini karibu haipewi mafuta kabisa, gari inateleza yenyewe na hewa inaanza kumsaidia kazi ya breki. Ukiangalia kamera ya ndani ya gari utasikia: mlio unakatika ghafla, kinakuja kipande kifupi ambacho unasikia upepo na tairi tu, halafu ndio mguu unashuka kwenye breki. Kile kipande kifupi ndio stori yote.

Tupige hesabu, ya kukadiria lakini inatosha kuonyesha ukubwa wa kitu. Kwenye kilomita 290 kwa saa, mita 100 zinaisha kwa sekunde 1 na robo. Ukiachia mafuta hapo, mpaka kufika kwenye kona umepoteza kama sehemu 5 au 6 za mia za sekunde, maana gari haisimami ghafla, inapungua taratibu. Lakini mafuta umeokoa ya sekunde 1 na robo ya injini ikiwa imekanyagwa yote. Raundi inachukua kama dakika 2 na sekunde 5, tukisema dakika 1 na kidogo kati ya hizo ndio injini imekanyagwa yote, basi umeokoa karibu asilimia 2 ya mafuta ya raundi nzima. Fanya hivyo kona hiyo hiyo moja kwa raundi 25 na una mafuta ya nusu raundi ambayo mwenzako hana, na umelipa sekunde 1 na nusu hata haifiki.

Mlima nao una lake. Conrod inateremka, kwa hiyo ukiachia mafuta uzito wa gari unakuvuta chini na spidi inakaa. Mountain Straight, ile nyingine iliyonyooka, inapanda, ukitoa mguu pale mlima unakukamata mara moja na sekunde unazopoteza zinakuwa nyingi zaidi kwa mafuta yale yale. Dreva mzuri anajua kila mita ya ile barabara inauza sekunde kwa bei gani.

Utauliza, sawa, lita chache hizo anapata nini? Kwanza anapunguza muda wa kusimama piti. Kubadilisha tairi ni haraka, kinachochelewesha ni mafuta kuingia kwenye tangi, hivyo kila lita uliyobakisha ni lita ambayo hutaisubiri umesimama huku wenzako wanapita. Anayekaa nyuma ya gari nyingine anapata zaidi, maana wa mbele ndiye anayempasulia hewa, na ndio maana mara nyingine dreva mwenye gari yenye kasi anatulia nafasi ya pili na hana haraka yoyote ya kupita.

Pili, na hiki ndicho kilichonibadilisha kabisa, kuna gari la usalama. Ajali ikitokea linaingia mbele, gari zote zinajipanga nyuma yake kama foleni. Aliyekuwa anaongoza kwa sekunde 20 alizozitafuta kwa raundi 30, zimefutika zote. Lakini lita aliyobakisha mtu wa nafasi ya tano haijafutika, iko kwenye tangi lake. Pale mlimani kuta ziko karibu sana na barabara na gari la usalama linaingia mara kwa mara, kwa hiyo sekunde ni mali inayoweza kuchukuliwa wakati wowote na mafuta hayachukuliwi na mtu.

Mwaka 2014 ilionekana wazi. Mbio zilichukua karibu masaa 8 kwa sababu lami ilivunjika zikasimamishwa itengenezwe, na mwishoni Jamie Whincup anaongoza huku timu yake inamwambia kwenye redio abane mafuta. Akaendelea kukimbia. Raundi ya mwisho, ya 161, tangi likakauka gari ikaanza kukohoa, na Chaz Mostert, ambaye yeye na Paul Morris walianza mbio wakiwa wa mwisho kabisa kwenye mstari, akampita na kushinda.

Miaka miwili baadaye, 2016, Will Davison alikuwa mbele ya Shane van Gisbergen kwenye raundi za mwisho tangi likiwa karibu tupu, anaachia mafuta mapema huku van Gisbergen anamkaribia kwenye kioo kila kona. Whincup ndiye aliyetangulia kuvuka mstari wa mwisho ila alikuwa na adhabu ya sekunde 15, kwa hiyo ushindi ulikuwa kati ya hao wawili. Baada ya kilomita 1000, Davison alimaliza mbele kwa sekunde 0.1434.