Hilux ya mkononi: anza kuikagua chini

Watu wengi wakiniita kukagua Hilux, nawakuta wameshafungua boneti. Nawaomba waifunge kwanza. Injini ikikushinda unaibadilisha, unaenda TRA (mamlaka ya mapato) wanakurekebishia kadi, maisha yanaendelea. Chesesi, yaani fremu ya chuma iliyobeba kila kitu, ndiyo gari lenyewe. Ikiwa imepinda au imeoza, hata uuziwe kwa nusu bei umepigwa.

Naongelea hasa zile Hilux aina ya Vigo, dabo kabini (milango minne) za dizeli, za mwaka 2005 hadi 2015, zinazouzwa na mtu mwenyewe nyumbani kwake au kupitia dalali.

Kabla hujalala chini, simama ubavuni mwa gari, rudi nyuma hatua chache, kisha tazama pengo kati ya kabini na bodi la nyuma. Linatakiwa kulingana juu na chini. Likiwa pana juu na limebana chini, chesesi imeshuka nyuma ya kabini. Hilo gari limebebeshwa kuliko uwezo wake, au limekimbizwa kwenye mashimo likiwa na mzigo uliorundikwa nyuma kabisa. Muuzaji atakwambia ni raba za kabini zimechoka. Raba huchoka kweli, ila hazikunji chuma. Piga magoti ufuate bimu ya chesesi kwa macho, kulia na kushoto, hasa pale kabini inapoishia. Mkunjo mdogo kwenye chuma, au rangi iliyopasuka vinyufa vyembamba sehemu moja tu, inatosha kukujibu.

Sasa ingia chini na tochi na nyundo ndogo. Gari lililokaa Tanga, Mtwara au Zanzibar, na zaidi lile lililokuwa likibeba samaki, huoza kuanzia ndani. Maji ya chumvi yanapenya kwenye bimu, matundu ya kutolea maji yanaziba kwa tope, kutu inakula chuma taratibu huku nje kukionekana hakuna tatizo. Gonga juu ya ekseli ya nyuma na pale springi zinaposhikilia. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti butu, na utasikia magamba ya kutu yakimwagika kwa ndani. Ukikuta chini kumeganda oili chafu na vumbi, usikimbie, huyo mwenye gari alikuwa anapambana na kutu. Mimi naogopa rangi nyeusi inayong'aa, iliyopigwa wiki ya kuuza gari.

Ukiwa hapohapo, tafuta namba ya chesesi. Imegongwa kwenye bimu ya kulia, karibu na tairi la mbele. Isugue kwa brashi ulinganishe na kadi, herufi moja baada ya nyingine. Chuma kinachoizunguka kikiwa kimesagwa au kina alama za kuchomelea, mrudishie mtu funguo zake. Hakuna haja ya kubishana.

Omba pia kulegeza nati ya kujazia oili kwenye difu (lile bonge la gia katikati ya ekseli), uchovye kidole. Rangi ya kahawia au nyeusi haina neno. Ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, kuna maji ndani. Difu yenye joto ikizama mtoni inapoa ghafla na kuvuta hewa. Bomba lake la kupumulia likiwa limeziba, inavuta maji kupitia kwenye sili. Bearingi zilizokaa na maji hayo hazina muda mrefu.

Haya, fungua boneti. Injini lazima iwe ya baridi, na muuzaji mwambie hivyo tangu kwenye simu. Ukifika ukaikuta ina moto, jiulize kwa nini alitangulia kuiwasha. Iwe 2KD ya lita 2.5 au 1KD ya lita 3.0, sikiliza sekunde za kwanza baada ya kuwaka. Ikigonga kwa nguvu na kutoa moshi mweupe wenye harufu ya dizeli, nozeli (zinazopuliza dizeli ndani ya injini) zimechoka, na seti ya nozeli ni hela ndefu. Kwenye 1KD kuna ugonjwa mwingine: washa za shaba (vipete vya kuziba) chini ya nozeli zikivuja, moshi wa mwako unaingia kwenye oili, masizi yanajikusanya hadi chujio la ndani ya sampu (trei la oili chini ya injini) linaziba. Injini inakaukiwa oili wakati kijiti cha kupimia kinaonyesha imejaa. Kwa hiyo usiulize tu oili ilimwagwa lini; uliza washa zilibadilishwa lini. Asiyejua unazungumzia nini, hesabu kwamba hazijaguswa.

Halafu lipeleke gari barabara ya vumbi, si lami, ujaribu fowili, yaani kuendesha kwa magurudumu yote manne: H4 ni ya mwendo wa kawaida, L4 ni ya taratibu yenye nguvu. Ukikata kona na H4 kwenye lami kavu, miguu ya mbele na ya nyuma inapingana na unaumiza mashine ya watu. Kwenye vumbi weka H4, tembea taratibu, kisha simama uweke L4. Wauzaji wengi husema kwa fahari kwamba fowili hawajawahi kuitumia. Kwangu hiyo si sifa, maana mtambo unaounganisha miguu ya mbele hukwama kwa kukaa bure. Taa ya fowili kwenye dashibodi ikipepesa bila kutulia, mbele hakujashika. Hilo linatengenezeka, uliza bei ya fundi kwanza, ndipo uitoe kwenye bei ya gari.